Ngozi yenye mafuta: Namna ya kufanya vipodozi vidumu tangu asubuhi hadi jioni

SAA 1:00 asubuhi anatoka nyumbani kwake Mbagala, jijini Dar es Salaam, akiwa amependeza. Uso ni laini, nyusi zimekaa sawa, rangi ya mdomo imekolea. Kioo kimemwambia yupo tayari kuwahudumia wateja.

Saa 2:30, baada ya kusimama katika daladala lililojaa, anaketi mahali pake pa kazi. Ifikapo saa 6:00 mchana paji la uso linang'aa kama lililopakwa mafuta ya nazi, faundesheni imejikusanya pembeni mwa pua, na wanja umeteremka chini ya macho. Anafungua mkoba, anatoa poda na kuongeza. Saa moja baadaye anaongeza tena. Jioni uso umekuwa na mabaka, na mwenyewe anaona haya kumtazama mtu machoni.

Wanawake wengi wenye ngozi ya mafuta wanaifahamu hali hiyo. Wengine hukata tamaa na kuacha kujipamba. Wengine, na hawa ndio wa kuhurumiwa zaidi, huanza kuisugua ngozi kwa spiriti na sabuni kali, au kununua krimu zisizojulikana zilikotoka kwa ahadi kwamba zitakausha mafuta na kuung'arisha uso.

Ukweli ni kwamba vipodozi haviharibiki kwa sababu poda imekuwa kidogo. Huharibika kwa sababu ngozi haikuandaliwa, na kwa sababu mafuta hufunikwa badala ya kuondolewa. Anayelielewa jambo hilo hutumia vipodozi vichache zaidi, hutumia fedha kidogo zaidi, na uso wake hudumu.

Mafuta hutoka wapi?

Chini ya ngozi ya binadamu kuna tezi ndogo ndogo zinazotengeneza mafuta yanayoitwa sebamu. Tezi hizo zipo karibu mwili mzima, isipokuwa katika viganja vya mikono na nyayo za miguu. Usoni na kichwani ndiko ziliko nyingi zaidi: zinaweza kufikia kati ya 400 na 900 katika kila sentimita 1 ya mraba.

Ndiyo maana sehemu zinazoanza kung'aa ni paji la uso, pua na kidevu, wakati mashavu ya mtu huyo huyo yanaweza kuwa makavu.

Mafuta hayo si uchafu wala ugonjwa. Kazi yake ni kulainisha ngozi na kuikinga. Wingi wake huamuliwa zaidi na homoni na maumbile ya kurithi, na ndiyo sababu huongezeka mtu anapobalehe na kupungua umri unapokwenda.

Jambo jingine linaloamua ni joto. Joto la ngozi likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mafuta yanayotoka huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mkazi wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufikia nyuzi 31 na zaidi huku hewa ikiwa na unyevu mwingi, hana budi kujua kwamba ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mwanamke wa London haumtoshi.

Kwa nini vipodozi huyeyuka na kubadilika rangi?

Faundesheni, yaani ile krimu ya rangi ya ngozi inayopakwa kama msingi, ni chembe za rangi zilizochanganywa na maji, mafuta au silikoni. Ikishapakwa, sehemu ya kimiminika hukauka na chembe hubaki zimeshikamana juu ya ngozi kama utando mwembamba.

Tatizo la ngozi ya mafuta ni kwamba mafuta hutoka chini ya utando huo. Huulegeza, huusukuma, na kuufanya uteleze kuelekea kwenye mikunjo na vitundu vya ngozi. Kadiri utando ulivyo mnene ndivyo unavyokatika vibaya zaidi.

Mafuta pia hubadilisha rangi. Msomaji ambaye amewahi kufungiwa maandazi katika kipande cha gazeti ameliona jambo hili kwa macho yake: pale mafuta yalipopenya, karatasi huwa nyeusi zaidi na yenye kupenyeza mwanga. Vivyo hivyo poda na faundesheni zikilowa mafuta huonekana zimekolea kuliko zilivyokuwa asubuhi. Ndiyo sababu mwanamke huondoka nyumbani akiwa na rangi yake na kurudi akiwa na rangi nyingine.

Kosa la kwanza: Kuipiga vita ngozi

Wapo wanaoamini kwamba uso ukioshwa mara 5 au 6 kwa siku kwa sabuni ya kufulia, kisha ukafutwa kwa spiriti, tezi zitakauka. Tezi haziamriwi na sabuni. Sabuni huondoa mafuta yaliyo juu tu, na baada ya saa chache mengine huwa yamekwisha kutoka.

Kinachoharibika ni ile ngozi ya juu inayozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Ngozi iliyochubuliwa kwa namna hiyo huwasha, huchunika na kuvimba. Faundesheni ikipakwa juu yake hushika kwenye magamba na kuteleza penye mafuta, na matokeo yake ni mabaka yale yale yaliyokuwa yakikimbiwa.

Kwa kawaida inatosha kuosha uso asubuhi, jioni, na baada ya kutoka jasho jingi. Tumia sabuni laini ya uso na maji ya kawaida, si ya moto. Usisugue. Kausha kwa kubonyeza taulo safi usoni, na taulo hilo lisiwe la familia nzima.

Wenye mafuta mengi na chunusi ndogo ndogo wanaweza kunufaika na sabuni au losheni yenye asidi ya salisiliki, ambayo hupenya penye mafuta na kusaidia kufungua vitundu vilivyoziba. Ianze kutumika mara 2 au 3 kwa wiki kwanza, ili kuona kama ngozi inaikubali.

Maandalizi ya asubuhi

Mabibi wa pwani walilijua jambo hili zamani. Bibi harusi hakupambwa kabla ya kusingwa; mwili uliandaliwa kwa siku kadhaa, na urembo ukaja baadaye. Kanuni ni ile ile hata kwa anayekwenda ofisini, ijapokuwa yeye ana dakika 20 tu. Ila asiusugue uso wenye chunusi kwa kitu chenye chembechembe ngumu.

Baada ya kuosha uso, paka losheni nyepesi isiyo na mafuta, iliyo kama jeli. Wengi huiruka hatua hii wakidhani ngozi ya mafuta haihitaji losheni. Mafuta na maji ni vitu viwili tofauti: ngozi inaweza kuwa na mafuta mengi na bado ikakosa maji. Yanayopaswa kuachwa usoni kabla ya vipodozi ni mafuta mazito ya mgando na mafuta ya nazi, kwa kuwa juu yake hakuna faundesheni itakayoshika.

Kisha paka losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 au zaidi. Ngozi nyeusi nayo huihitaji, hasa ile yenye makovu ya chunusi, kwa sababu jua huyakoza makovu hayo na kuyafanya yachelewe kufifia. Chagua iliyo nyepesi, isiyoacha weupe.

Baada ya hapo, subiri. Dakika 5 hadi 10 za kunywa chai au kupiga pasi nguo zina thamani kuliko poda ya bei kubwa. Losheni ikiwa bado mbichi, kila kitakachofuata kitachanganyika nayo na kuteleza. Haraka haraka haina baraka.

Mwenye uwezo anaweza kuongeza praima, krimu inayopakwa kabla ya faundesheni ili kujaza vitundu na kunyonya mafuta. Si lazima ipakwe uso mzima. Inatosha kwenye paji la uso, pua na kidevu, na kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Ikiwa praima ni ya silikoni, ni vyema faundesheni nayo iwe ya silikoni. Ya maji iende na ya maji. Zisipopatana hujiviringa vipande vipande kama ufutio uliosuguliwa kwenye daftari.

Faundesheni nyembamba

Tafuta faundesheni isiyo na mafuta na isiyong'aa, na ambayo maelezo yake yanasema haizibi vitundu vya ngozi. Rangi ijaribiwe kwenye taya, mchana, nje ya duka, si chini ya taa. Usinunue papo hapo. Zunguka sokoni nusu saa kisha uitazame tena, kwa kuwa faundesheni nyingi hukolea zinapokutana na mafuta ya ngozi.

Kwa miaka mingi mwanamke mweusi alilazimika kuchanganya rangi mbili au tatu ili kupata yake. Mwanamitindo Iman, mzaliwa wa Somalia aliyewahi kusoma Nairobi, alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994 kwa sababu ya upungufu huo. Mwaka 2017 mwanamuziki Rihanna alipoingiza sokoni faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zilijikuta zikilazimika kuongeza rangi zao. Kwa hiyo hakuna tena sababu ya kupaka rangi isiyo yako na kutumaini poda itaficha tofauti.

Anza na kiasi kidogo katikati ya uso na usambaze kuelekea pembeni. Tumia sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa, na uibonyeze badala ya kuiburuta. Pale penye doa ongeza tone moja juu ya doa lenyewe, si uso mzima. Utando mwembamba ukilegea hauonekani sana. Ule mnene ukikatika huonekana ukiwa mbali.

Poda ibonyezwe

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Poda haikukusudiwa kuwa rangi ya pili. Kazi yake ni kunyonya mafuta na kuishikilia faundesheni. Chukua kidogo, kung'uta iliyozidi, kisha ubonyeze kwenye paji la uso, pembeni mwa pua na kidevuni. Mashavu, hasa kama ni makavu, yapate kidogo sana au yaachwe.

Poda nyeupe, hata zile zinazouzwa kwa maelezo kwamba hazina rangi, huweza kuiacha ngozi nyeusi ikiwa na rangi ya majivu. Katika picha zilizopigwa kwa mwanga mkali wa kamera hali huwa mbaya zaidi: chembe nyeupe hurudisha mwanga na uso huonekana kama uliomwagiwa unga. Anayekwenda harusini ajipige picha moja kwa mwanga huo kabla ya kutoka nyumbani.

Wapo wanaotumia poda ya watoto kwa sababu ni rahisi kupatikana. Mbali na weupe wake, nyingi kati ya hizo zimekuwa zikitengenezwa kwa talki, madini ambayo mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kujipaka mara moja si sababu ya kuingiwa na hofu, lakini kuivuta puani wingu zima la poda kila asubuhi si mazoea mema. Soma maelezo, na uchague ile ya wanga au ya silika, ukiibonyeza badala ya kuipuliza.

Kwa macho, paka poda kidogo kwenye kope za juu na chini ya macho kabla ya wanja, na utumie wanja na maskara visivyoyeyuka kwa maji. Kwa midomo, paka rangi, bana tishu katikati ya midomo, kisha paka tena. Mwisho, anayetaka anaweza kupuliza ile dawa ya kushikilia vipodozi, ambayo huacha utando mwembamba juu ya uso. Iache ikauke yenyewe.

Saa 6:00 mchana: Ondoa kwanza, ongeza baadaye

Hata ukifuata hatua zote, mafuta yatatoka. Hili si kushindwa. Uso usiotoa tone la mafuta katika joto la Dar es Salaam haupo.

Tofauti ipo katika kinachofanyika wakati huo. Poda ikiwekwa juu ya mafuta hugeuka tope, na kila inapoongezwa tope huwa zito zaidi. Kwa hiyo ondoa mafuta kwanza. Chukua tishu isiyo na manukato, itenganishe ili iwe nyembamba, ibonyeze pole pole kwenye paji la uso na pembeni mwa pua kwa sekunde chache, kisha iinue. Usifute wala usiburute.

Zipo karatasi maalumu za kazi hiyo. Wajapani wamezitumia kwa muda mrefu, na asili yake ni karatasi zilizotumiwa na mafundi waliokuwa wakifua dhahabu iwe nyembamba. Ni nyepesi na hukaa vizuri mkobani, lakini asiye nazo hajapungukiwa, tishu inatosha.

Baada ya mafuta kuondoka, ndipo poda kidogo ibonyezwe penye uhitaji. Mara nyingi utakuta hata hiyo haihitajiki. Fanya hivyo mara moja mchana, na mara ya pili kabla ya kutoka kazini kama una mahali pa kwenda.

Epuka kuegemeza shavu kiganjani, na ifute simu yako, kwani hubeba mafuta na uchafu wa siku nzima. Wanaovaa mtandio au hijabu waache taya na paji la uso bila faundesheni nzito, kwa sababu kitambaa huivuta. Anayepanda bodaboda na kuvaa kofia ngumu naye afanye vivyo hivyo.

Tahadhari kuhusu krimu za miujiza

Anayechoshwa na uso unaong'aa na madoa ya chunusi huwa mteja rahisi wa muuzaji anayeahidi kumaliza yote kwa siku 7. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli.

Zebaki hupenya ngozi na huweza kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Steroidi zikitumiwa ovyo hukondesha ngozi, huonyesha mishipa ya damu na huleta chunusi nyingine, kiasi kwamba mtumiaji huhitaji faundesheni nzito zaidi ili kuficha madhara ya kile alichokinunua kuwa dawa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umezitaka nchi wanachama kuondoa sokoni vipodozi vyenye madini hayo. Nchini Tanzania, kazi ya kusimamia usalama wa vipodozi, iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Kipodozi kisicho na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi kiache dukani, hata kama shoga yako amekisifu.

Jioni, rudisha ngozi mahali pake

Usilale na vipodozi. Viondoe kwanza kwa maji au mafuta mepesi maalumu ya kuondolea vipodozi, kisha osha uso kwa sabuni laini. Brashi na sifongo zioshwe kwa sabuni angalau mara moja kwa wiki na kukaushwa kabisa. Sifongo mbichi iliyofungiwa mkobani ni makazi ya vijidudu. Usiazime wala kuazimisha wanja, maskara au sifongo ya poda.

Chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu au zinazoacha makovu, nenda kwa daktari wa ngozi. Vivyo hivyo kwa mwanamke ambaye mafuta yameongezeka ghafla huku hedhi ikivurugika na nywele zikimwota kidevuni, kwani huenda ni dalili ya mabadiliko ya homoni yanayohitaji kuchunguzwa. Mjamzito asitumie dawa za ngozi za jamii ya vitamini A bila kumuuliza daktari.

Kwa yule dada wa Mbagala, mabadiliko si makubwa. Aamke dakika 10 mapema, aipe losheni muda wa kukauka, apunguze faundesheni nusu, na mkobani pakiti ya tishu itangulie poda. Saa 10:00 jioni uso wake utakuwa na mng'ao kidogo, kama uso wa mtu aliyefanya kazi siku nzima katika nchi ya joto. Mabaka hayatakuwepo, na hatakuwa na haja ya kuukwepesha uso kwa mteja wa mwisho.